Aliyemtaja ni Mimi

Nilikuwa mwalimu wa malezi katika shule moja ya msingi Mabibo, enzi hizo Mabibo bado ikiwa Kinondoni, kabla Ubungo haijawa wilaya. Nje ya geti la shule alikaa bibi mmoja aliyekaanga mihogo. Watu wa mitaa ile, wakubwa kwa wadogo, wanaamini mpaka leo kwamba bibi yule aliwatupia majini watoto wa darasa la saba, na kwamba watoto wenyewe ndio waliomtaja. Watoto hawakumtaja. Nilimtaja mimi, kisha nikawaachia wao waonekane wamemtaja. Shule siitaji, wala wenzangu siwataji, maana kosa ninalolisema hapa ni langu.

Zilikuwa zimebaki wiki chache kufikia mtihani wa darasa la saba. Watoto tulikuwa tumewaweka kambi. Wasichana walilala madarasani juu ya mikeka, wakaamka kabla ya adhana ya alfajiri, wakasoma mpaka giza. Chakula kilikuwa uji, na siku nyingine uji wenyewe haukutosha. Mkuu wa shule alikuwa amesemwa kikaoni kwamba tunashika mkia kwenye kata, akarudi na hasira akatumwagia sisi, na sisi tukawamwagia watoto. Swali lililokosewa lilikuwa na kiboko chake. Hayo nayasema mapema kwa sababu siku ile hakuna aliyeyakumbuka, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliofurahi kwamba hayakumbukwi.

Msichana wa kwanza alianguka kipindi cha hesabu. Alishika shingo kwa mikono miwili, akapiga ukelele kwamba anakabwa, akateleza chini ya dawati vidole vikiwa vimekakamaa. Waliokwenda kumshika wakaanguka wawili. Kengele ya mapumziko ilipogongwa, wakawa wanaanguka barazani, wanaanguka bombani, mmoja akaanguka mlangoni mwa choo. Wavulana karibu wote walibaki wazima, wamejibanza ukutani wanashangaa. Kelele zikafika barabarani, na anayekaa Mabibo anajua watu wanavyojaa. Wauza ndizi waliiacha mikungu kule Mahakama ya Ndizi, wapiga debe wakaziacha daladala, akina mama wakaja mbio na khanga mkononi. Akaja mchungaji na kipaza sauti. Akaja shehe na kombe. Kila mmoja alikuwa anamtaka jini ajitaje, na kila sauti ilipopanda, msichana mwingine alianguka.

Nilimchukua yule wa kwanza nikamwingiza ofisini, nikafunga mlango kwa ufunguo ili watu wasituingilie. Nilimpa maji. Nilimfuta uso kwa kitambaa changu. Mpaka hapo nilikuwa nafanya kazi yangu. Kisha nikamuuliza:

“Nani anakukaba?”

“Sijui, madamu.”

“Fumba macho uangalie vizuri. Ni mwanamke au mwanamume?”

Akanyamaza. Nikauliza tena kwa sauti ya ukali kidogo. Akasema mwanamke.

“Mzee au kijana?”

“Mzee.”

“Anakaa karibu na shule?”

Aliutazama mlango, akaitikia kwa kichwa.

“Ni yule bibi wa mihogo?”

“Ndiyo, madamu.”

Nikafungua mlango, nikatoka barazani walikosimama walimu wenzangu na wazazi, nikasema: “Wametaja.” Sikusema ametaja. Alikuwa mtoto mmoja, amechoka, ana njaa, na jina lile alilisikia kwangu, lakini nilisema wametaja. Haikupita saa, kila msichana aliyeulizwa akawa anamwona bibi yule yule, amevaa khanga ile ile. Lile jina lilikuwa limeshatoka ofisini likazunguka shule nzima kabla yao hawajaulizwa.

Msomaji atataka kujua kwa nini jina lililonijia lilikuwa lile. Nimejiuliza sana, na jibu haliniheshimu. Miezi kadhaa kabla, nilitaka bibi aondolewe getini kwa sababu watoto walikuwa wanachelewa kuingia darasani. Nilimwendea nikamwambia ahamishe karai lake. Akanijibu kwamba yeye alikuwepo pale kabla ya ukuta wa shule, na kwamba huenda mimi ndiye nitakayeondoka kabla yake. Ni maneno ya mzee aliyeudhiwa kwenye riziki yake, basi. Siku ya kelele nikayakumbuka kama kiapo. Tena macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa anapikia mabaki ya mbao kutoka kwa maseremala kwa kuwa mkaa ulimshinda bei, na moshi ule alikuwa ameuinamia miaka. Kule Shinyanga na Mwanza bibi wengi wameuawa kwa macho mekundu kama yale, yaliyotokana na moshi wa jikoni, na habari hizo nilikuwa nazijua. Nilikuwa nimewahi kuzisimulia darasani kama mfano wa ujinga wa watu wengine. Zaidi ya hapo, alikuwa mjane, na alitoka mkoa ambao sisi wa Dar tumezoea kuusingizia uchawi. Mkoa huo pia siutaji.

Watu walimwendea. Mjumbe wa nyumba kumi, mtu mwenye busara, aliwahi kufika akasimama mbele yake, akamuuliza kwa upole, akitaka jibu la kuwatuliza watu: “Bibi, watoto hawa unawajua?” Bibi akajibu: “Nawajua wote, si wanangu hawa.” Alikuwa anasema wateja wake. Kundi likanguruma kwamba amekiri. Karai likapigwa teke, mafuta ya moto yakamrukia mguuni. Meza ikavunjwa. Chumba alichopanga kikapigwa mawe mpaka bati likatoboka. Mjumbe na vijana wawili walimpitisha uchochoroni wakamfikisha polisi, na hiyo ndiyo sababu pekee siandiki hapa habari ya mauaji. Usiku uleule ndugu zake walimwondoa. Mimi nilikuwepo. Nilisimama ndani ya geti nikitazama, na kilichonijaa kifuani kilikuwa ahueni, kwa sababu hakuna mzazi hata mmoja aliyekuwa anaulizia tena kambi, uji wala viboko.

Siku iliyofuata alikuja daktari wa manispaa. Hakuja na ghadhabu wala maombi. Aliwapima, akatafuta malaria, akauliza wamekula nini na wamelala saa ngapi, akaangalia maji. Hakukuta sumu. Alitueleza kwamba mtu akiingiwa na hofu hupumua haraka haraka, na kupumua huko peke yake kunatosha kumtia kizunguzungu, kumfanya ahisi kifua kinabanwa na vidole kukakamaa. Na anayemwona katika hali hiyo, akiwa naye ana hofu ileile, mwili wake unaweza kufuata. Hawaigizi, alisema, wanaumwa kweli, ila ugonjwa unapitia machoni na masikioni. Akaagiza watenganishwe, warudi nyumbani, wasikusanyiwe watu. Wiki iliyofuata walikuwa wazima. Mabibo ikasema: mnaona, mchawi kaondoka, watoto wamepona. Na mimi, niliyekuwa nimemsikia daktari kwa masikio yangu, sikufungua mdomo.

Aliyonieleza daktari yule hayakuwa mageni nchini kwetu. Tarehe 30 Januari 1962, wiki chache baada ya uhuru, wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, upande wa Bukoba, walianza kucheka wasiweze kujizuia. Hadi shule inafungwa mwezi Machi, walikuwa wameshikwa 95 kati ya 159, wanacheka na kulia kwa zamu, na walimu wao hakuna aliyeshikwa. Waliporudishwa nyumbani hali ile ikaenda nao, ikafika Nshamba na kushika zaidi ya watu 200. Madaktari Rankin na Philip walichunguza damu na chakula wasione kitu, wakaandika ripoti yao mwaka 1963. Wako raia walioamini kwamba hewa imeharibiwa na mabomu ya atomiki yaliyokuwa yakijaribiwa duniani. Hofu ilikuwepo, na maelezo ya ajabu yalikuwepo, lakini hakuna aliyekufa. Kila nikiisoma habari ya Kashasha naona tofauti moja na yetu: hofu ya kule iliangukia mabomu ya mbali, yetu niliiangushia mwanamke mwenye meza getini.

Tofauti hiyo niliielewa vizuri nilipostaafu nikapata muda wa kusoma habari za Salem. Salem ilikuwa makazi ya Wapuritani huko Massachusetts, Waprotestanti wakali waliohama Uingereza ili wajenge jamii ya kumcha Mungu. Mwanzoni mwa mwaka 1692, nyumbani kwa mchungaji Samuel Parris, binti yake Betty wa miaka 9 na mpwa wake Abigail Williams wa miaka 11 walianza kujinyonganyonga na kupiga mayowe. Tabibu akasema ni mkono mwovu. Watoto wakabanwa na watu wazima waseme nani anawatesa, na walipobanwa wakataja: Tituba, mtumwa wa nyumba ile, Sarah Good, ombaomba, na Sarah Osborne, mama mgonjwa aliyeacha kuhudhuria ibada. Ukiyatazama majina hayo matatu, huhitaji kuuliza kwa nini ni hayo. Mwaka haukuisha, watu 19 walikuwa wamenyongwa, mzee mmoja amekufa akirundikiwa mawe kifuani kwa kukataa kujibu shitaka, na wengine wamefia gerezani. Mahakama ilikubali kwamba msichana akisema ameona kivuli cha fulani kikimkaba, huo ni ushahidi. Gavana William Phips aliivunja mahakama ile Oktoba, wakati hao 19 wako kaburini.

Kati yao aliyeniuma zaidi ni Rebecca Nurse, bibi wa miaka 71, mcha Mungu, asiyesikia vizuri. Baraza la wazee wa mahakama lilimwachia kwanza, kelele zikapigwa, likarudishwa kufikiri upya. Kulikuwa na kauli yake moja waliyoitilia shaka, ambapo alisema kuhusu mshitakiwa mwenzake kwamba ni mmoja wao. Yeye alimaanisha mfungwa mwenzake, wao wakasikia mchawi mwenzake. Walipomtaka aeleze, hakusikia swali, akanyamaza. Wakauhesabu ukimya ule kuwa hatia. Alinyongwa tarehe 19 Julai 1692. Nilipofika hapo nilifunga kitabu, nikakaa muda mrefu, maana nilimsikia bibi wetu akisema: nawajua wote, si wanangu hawa.

Salem pia kulikuwa na maungamo, na ndiyo yaliyonisukuma kuandika. Ann Putnam, aliyekuwa na miaka 12 alipowashitaki watu, akiwemo Rebecca Nurse, alisimama kanisani mwaka 1706 huku mchungaji akisoma toba yake. Alisema alidanganywa na Shetani, na kwamba hakufanya kwa chuki. Namwonea huruma, alikuwa mtoto. Ila mimi toba ya namna hiyo siwezi kuiazima. Ofisini kwangu hakukuwa na Shetani. Tulikuwa mimi, mtoto na ufunguo. Nilikuwa mtu mzima mwenye cheti cha ualimu. Aliye karibu nami ni Samuel Sewall, mmoja wa mahakimu, ambaye Januari 1697 alisimama mbele ya waumini wenzake mjini Boston yakisomwa maandishi yake, akaomba lawama na aibu ya mambo yale vimwangukie yeye. Wenzake wengi wa kwenye kiti kile hawakufanya hivyo.

Miaka ilikuwa imepita nilipokutana na yule msichana msibani Kigogo. Sasa ni mama, alikuwa amekaa mkekani na mtoto mgongoni. Aliniamkia shikamoo madamu, tukasogea pembeni. Nilidhani ataniambia habari za maisha yake. Akaniambia: “Madamu, siku ile mimi sikumwona mtu. Ulikuwa umefunga mlango. Nikaona nikisema ndiyo utanifungulia.” Akasema tangu utotoni watu wa mtaani wanamwita yule aliyemuumbua mchawi, wengine wakimsifu, na yeye hulala na sifa hiyo kama mtu aliyelala na mwiba. Alikuwa amemsubiri mtu wa kumwambia, na wa kumwambia nilikuwa mimi tu, kwa sababu ofisini tulikuwa wawili. Kwa hiyo niliwadhulumu wawili. Huyu wa pili sikuwa hata nimemhesabu.

Baada ya msiba ule nilimtafuta bibi. Nilimkuta Mbagala, kwa mjukuu wake. Macho yalikuwa yamekwisha kabisa, akanitambua kwa sauti. Nilipiga magoti nikamweleza kila kitu, ofisi, maswali, ufunguo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema: “Mwalimu, radhi unaniletea Mbagala, jina langu uliliharibia Mabibo. Kaseme kulekule.” Kisha akamwagiza mjukuu aniletee chai, kwa kuwa nilikuwa mgeni. Hakusema amenisamehe na sikuthubutu kumuuliza. Niliahidi kwamba nitakwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, niombe mkutano wa hadhara, niseme.

Sikwenda. Nilikuwa bado kazini, niliogopa kufukuzwa na kukosa kiinua mgongo. Nikasema nikistaafu. Nilipostaafu nikasema baada ya harusi ya binti yangu, nisimtie aibu ukweni. Habari za kifo cha bibi zilinifikia ameshazikwa. Alikufa Mabibo yote ikiamini ni mchawi, na mtu pekee aliyekuwa na uwezo wa kulisafisha jina lake alikuwa anasubiri wakati mzuri. Katika yote niliyofanya, hili la kusubiri ndilo ninaloliona zito zaidi. Siku ya kelele nilikuwa na hofu, nilichanganyikiwa kama wengine. Miaka ya kunyamaza nilikuwa na akili zangu timamu.

Nisidhaniwe nakuza jambo kwa kuwa bibi alitoka hai. Oktoba 2014, kijijini Murufiti, Kasulu, watu saba waliuawa kwa kuchomwa moto wakituhumiwa uchawi. Julai 2017 huko Nzega wanawake watano waliuawa usiku mmoja kwa tuhuma hizo hizo. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kilihesabu waliouawa kwa imani za uchawi mwaka 2013 kuwa 765, na 505 kati yao ni wanawake. Kabla ya rungu au moto kulikuwa na mtu aliyetamka jina, na mara nyingi ni mtu anayeaminika: mganga, mtabiri, mzee wa ukoo. Mabibo alikuwa mwalimu.

Sibishani hapa na mtu kama uchawi upo au haupo. Kila mtu ana dini yake na malezi yake. Ninachojua ni kilichotokea kwenye chumba kile, na kwa sababu nakijua nawaomba walimu wenzangu mlioko kazini, maana shule zetu bado zinakumbwa na hali hii, hasa mitihani inapokaribia. Mtoto akianguka, mtoeni kwenye macho ya watu, mfungulieni dirisha na mlango, mwambieni apumue polepole pamoja nanyi. Mpelekeni zahanati. Watenganisheni walioanguka na wasioanguka, na kipaza sauti kibaki nje ya ukuta. Mkitaka kumuuliza, muulizeni amekula nini, amelala wapi, nani anampiga. Msimuulize anamwona nani.

Na nyinyi majirani zangu wa Mabibo, wa sokoni, wa Mabibo Mwisho, wa kule Luhanga, mlionipa mikono siku ile mkisema Mungu akubariki mwalimu: bibi yule alikuwa muuza mihogo. Hakumroga mtoto yeyote. Msichana mnayesema alimuumbua hakumtaja mtu, mwacheni apumzike. Mwalimu wenu aliwadanganya, na ndugu wa marehemu wakitaka nisimame kwenye mkutano wa mtaa niyarudie haya kwa mdomo, nitakuja.